Chai ya Kijani ya Shangazi Yako

Kwaluguru, alasiri

Hadija mwanangu,

Nakuandikia ukiwa bado uko hapa hapa uani, nakusikia unavyolalamika kwamba Mwanaidi anayekusuka anakuvuta nywele. Endelea kulalamika. Barua hii nitaichomeka ndani ya begi lako chini ya khanga, utaikuta Korogwe, na ukiikuta usikimbilie simu. Isome mpaka mwisho, ndipo unipigie, kama bado utakuwa na hamu ya kuongea na mimi.

Sitakuambia ufue nguo kwa wakati wala usilale bila chandarua. Hayo nimekuimbia tangu uko darasa la kwanza, na kama hayajaingia, hayataingia leo. Wala sitakuambia ujihadhari na wanaume wa mjini, kwa sababu kwa mdomo ulio nao nawahurumia wao. Nataka tuongee habari za shangazi yako Zubeda, ambaye kesho utalala kwake, na utalala kwake mpaka umalize chuo. Jambo lenyewe ni hili: sijamsamehe. Ukoo mzima wa baba yako unadhani yamekwisha kwa sababu wananisikia nacheka naye kwenye simu. Hayajaisha. Nimemweka kiporo.

Juzi uliniuliza kwa nini nilikubali upesi hivyo alipoomba ukakae kwake, mimi ambaye jina lake likitajwa ghafla nakumbuka kuna kuku wanakula mahindi nje. Nikakujibu kwamba vyumba vya kupanga ni ghali na kwa shangazi kuna umeme. Nilikudanganya. Sasa nakueleza vilivyo.

Wakati baba yako anaugua ulikuwa bwenini. Mwanzo uliuona na mwisho uliuona, katikati hukuwepo. Baba yako alipoambiwa ana sukari hakubabaika. Alikuwa mtu wa utaratibu wake. Asubuhi kidonge na uji usio na sukari, anakunja uso, anachukua jembe. Kliniki ya Handeni hakukosa, hata siku za mvua, hata pikipiki zilipogoma kuvuka matope alishuka akatembea. Na alikuwa bado anapanda mchungwa na gunia begani, watoto wa jirani wanakaa chini wanamwangalia. Nakukumbusha kwa sababu wadogo zako wanaanza kusahau kwamba baba yao aliwahi kupanda mti.

Ndipo shangazi yako akaja na maboksi. Yalikuwa ya kijani, yana picha ya mlima wenye ukungu na maandishi ambayo hakuna mtu Kwaluguru aliyeweza kuyasoma. Alikuwa ameingia kwenye zile biashara ambazo watu wanaitana viongozi, wanakwenda semina, wanapigiana makofi kwa kila neno. Na ujue Zubeda si shangazi wa kuja sikukuu na kuondoka. Bibi yenu alifariki baba yako akiwa bado anatambaa, na Zubeda, mwenyewe akiwa msichana mdogo, ndiye aliyembeba mgongoni. Aliacha shule kwa ajili yake. Baba yako hajawahi kumtaja kwa jina lake, ni dada tu, na dada akisema jambo katika nyumba hii halijadiliwi.

Alikaa pale sebuleni akasema chai ya kijani ina antioksidanti. Neno hilo alilitamka kwa raha, kama mtu anayetafuna muwa. Akasema zinasafisha damu, zinafukuza saratani, zinayeyusha mafuta ya tumboni, na kwamba mtu mwenye sukari akinywa chai hiyo kwa bidii, sukari inafutika yenyewe, vidonge anaviacha. Baba yako akawa anaitikia kwa kichwa, na mimi, Hadija, mimi nikafurahi. Chai ni mambo ya kwetu. Nimezaliwa milimani juu ya Korogwe, bibi yako mzaa mama alichuma chai mpaka vidole vikawa vyeusi visivyotoka kwa sabuni. Tangu nimeolewa huku bondeni nimekuwa Mshambaa wa kutaniwa, wa kuulizwa kama kwetu kuna joto, wa kuulizwa kama mihogo naijua. Sasa wifi yangu mwenyewe anasifia jani la kwetu mbele ya shemeji zangu. Nikavimba kichwa. Nikawaeleza kwamba jani ni lile lile la chai tunayokunywa kila siku, ila hili la kijani linapashwa moto mapema kabla halijabadilika rangi, na la kawaida linaachwa mpaka liwe jeusi. Zubeda akasema mnaona, hata wifi anajua. Siku hiyo ndiyo aliyonipata.

Nikaipika. Niliipika ninavyojua mimi, na unavyojua wewe, na wanavyojua wote hapa. Sufuria kubwa, maji yanatokota, majani ndani, mfuniko juu, ichemke mpaka iive. Ile chai haitaki hivyo. Inataka maji yaliyopoa kidogo na dakika chache tu, ikichemshwa inatoa uchungu wake wote. Ikatoka chungu kama mwarobaini. Baba yako alikunywa funda moja akatazama chini. Na walikuwepo wageni, wazee wawili kutoka Mazingara waliokuja kwa habari ya shamba. Sasa niambie, katika nyumba hii, katika kijiji hiki, unamwekeaje mzee mgeni chai isiyo na sukari? Ni sawa na kumwambia asirudi. Nikamtazama wifi yangu. Akasema, na maneno haya nayasikia mpaka leo nikikoroga chochote:

"Weka tu sukari, wifi. Majani yenyewe yanaifuta."

Nikaweka. Niliweka kama ninavyowawekea wageni, kwa upawa, na baba yako akapata kikombe chake kutoka sufuria ile ile. Akatabasamu. Maskini, tangu aambiwe ana sukari alikuwa hajaonja kitu kitamu, na sasa dada yake amemletea dawa tamu. Akanywa cha pili.

Tangu siku ile nyumba yetu ikawa kama kilabu. Zubeda alikuwa akileta watu, au anawatuma, waje wamwone mdogo wake anavyopona. Aliwaambia wamwangalie alivyopungua. Kweli alikuwa amepungua. Alikuwa anapungua kwa sababu sukari inamla, na sisi tunapiga makofi. Kila mgeni anapewa kikombe, na mwenye nyumba hawezi kumwacha mgeni anywe peke yake, kwa hiyo baba yako alikunywa na kila aliyekuja. Vidonge viliwekwa juu ya kabati la vyombo. Tarehe ya kliniki ilipofika alisema hana haja ya kwenda kuwasumbua madaktari. Nami nilikoroga sufuria.

Najua unachokifikiria, kwa sababu una akili za baba yako. Unafikiri, lakini mama, hukuona? Niliona. Niliona kiu yake, mtungi unakauka kabla ya mchana. Niliona anavyoamka usiku kwenda chooni mpaka njia ikawa inang'aa. Nikamwambia dada yake, tena mbele ya shemeji zangu, kwamba mimi naona hali si nzuri, tumrudishe kliniki. Mwanangu, nilijuta. Aliniambia mimi Mshambaa nina wivu, naona uchungu ndugu wa mume kunufaika na chai ya kwetu, na labda nina hamu ya kubaki na shamba peke yangu. Shemeji zangu wakainamisha vichwa. Baba yako akaendelea na kikombe chake. Na mimi nikaona aibu kuliko nilivyoona hatari, nikafunga mdomo. Ningepiga kelele siku ile, ningelala nje, ningevunja sufuria, wangeniita kichaa na baba yako angekuwa na mguu. Nimelitafakari hilo sana, na sijapata njia ya kulifanya lionekane vizuri.

Kisha akakanyaga kisiki cha bua shambani. Kitu cha kawaida, kila mtu hapa amekanyaga. Kidonda kidogo upande wa kidole gumba, hakikumuuma hata kidogo, na hilo la kutouma ndilo lilikuwa baya. Kikawa hakifungi. Kikaanza kutoa harufu. Nikampigia Zubeda simu, nikijishusha kabisa, nikamwambia wifi, njoo umwone. Hakuja. Akasema kidonda hicho ni ishara njema, ni sumu inatoka mwilini, niongeze chai. Nikaongeza chai, Hadija. Niliongeza.

Mwisho uliuona. Ulikuja na sare zako za shule ukamkuta hospitali, mguu umekatwa chini ya goti.

Kuna kitu kimoja hukukiona, na ndicho kinachonifanya niandike barua badala ya kukubusu na kukuacha uende zako. Siku ya pili baada ya kukatwa, wakati umekwenda kununua maji, shangazi yako alifika. Alisimama mlangoni mwa wodi. Hakuingia. Baba yako alikuwa amelala kwa dawa, amefunikwa shuka, na shuka linashuka pale ambapo lilitakiwa liendelee. Alilitazama hilo shuka, akageuka akaniita ukumbini. Nilidhani atalia. Nilikuwa tayari kulia naye, Mungu shahidi, nilishamfungulia mikono.

"Wifi," akasema, "mimi nilileta majani. Sukari ilikuwa ya jikoni kwako."

Akaondoka. Hajakanyaga nyumba yetu tangu siku hiyo. Anapiga simu, anatuma salamu, anasema atakuja mvua zikipungua, mgongo ukipona, biashara ikikaa sawa. Baba yako anamngoja. Usiniambie hujaona. Likisimama gari barabarani anashika magongo yake anasogea mpaka pale kwenye ua, kisha anarudi anajifanya alikuwa anaangalia mbuzi. Hajui alichoniambia dada yake. Sijamwambia. Ningemwambia angepaswa kuchagua nani kati yetu aliyemkata mguu, na sitaki achague.

Kwa hiyo nikawa na moyo mbaya. Nakwambia waziwazi kwa sababu utakutana nao ndani yako siku moja, umeurithi, mama yangu naye alikuwa nao. Jambo la kwanza nililotaka ni kwamba chai ya kijani iwe sumu. Nilitaka mtu mwenye koti jeupe aniambie ni sumu nikamvike nayo Zubeda shingoni. Nikamfuata yule nesi wa kliniki ya sukari, yule mnene mwenye kucheka, nikamwambia nieleze ubaya wa chai hii, nataka kwenda kuwaambia watu. Akacheka. Akaniambia mama Hadija, ni kinywaji kizuri. Nikamwambia sikuja kusikia hivyo.

Akanikalisha. Akasema antioksidanti ni kweli zimo. Mwili unavyofanya kazi, akasema, unatoa vitu vinavyouchakaza kwa ndani, kama jiko linavyotoa masizi, na zile antioksidanti zinasaidia kupunguza masizi hayo. Chai ya kijani inazo nyingi kwa sababu jani lake limewahiwa mapema. Hata hii chai yetu nyeusi inazo, matunda yanazo, mchicha unazo. Huenda zikasaidia moyo, akasema, wataalamu bado wanapima zinasaidia kiasi gani. Lakini kusaidia si kuponya. Hakuna jani linalofuta upawa wa sukari, na hakuna kikombe kinachosimama mahali pa kidonge. Akaniambia pia isinywewe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini, na hilo nakuambia wewe uliyeanguka shule kwa upungufu wa damu. Ukitaka kuinywa, kunywa katikati ya mlo na mlo, tupu, na isiwe jioni maana itakunyima usingizi.

Nilitoka pale nimeudhika kuliko nilivyoingia. Nilikwenda kutafuta panga nikapewa maelezo. Chai haikuwa na kosa lolote. Kwa muda mrefu nilikuwa naichukia chai kwa sababu ni rahisi kuichukia kuliko watu wawili, mmoja wao akiwa mimi.

Sikukoma, lakini. Unakumbuka harusi ya kule Mnyuzi, ya mtoto wa binamu yake baba yako? Wewe hukwenda, ulikuwa na mtihani. Nilijua Zubeda atakuwepo na nilijua atauza. Nikavaa, nikapaka wanja. Baba yako naye akataka kwenda, nikampeleka, ndiyo kwanza ameanza kuzoea magongo. Wanawake tulipokaa nyuma ya nyumba tukimenya viazi, wifi yangu akatoa maboksi yake akaanza na antioksidanti zake. Nikamwacha amalize. Akafika kwenye sukari, akasema kuna watu wengi wamepona. Nikasimama. Nilisema yote, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanaume. Nikasema kama mnataka kumwona aliyepona, yuko pale chini ya turubai, mtazameni. Na wote wakageuka wakamtazama.

Zubeda alikusanya maboksi yake. Biashara yake upande ule ilikufa siku hiyo, na nilisikia utamu, sitakuficha, nilisikia utamu mpaka kwenye meno. Nilimenya viazi kama msichana. Mpaka tulipopanda gari kurudi. Tulipokaribia nyumbani baba yako akasema taratibu, bila hasira:

"Dada alinionyesha kwa watu nikiwa mzima. Na wewe umenionyesha nikiwa kipande."

Hajawahi kulirudia. Mimi nalirudia kila siku. Nilimpiga yule mwanamke, lakini fimbo niliyotumia ilikuwa baba yako. Ukitaka kulipiza kisasi siku moja, na utataka, angalia kwanza mkononi umeshika nini.

Tangu hapo nikatulia. Watu wakadhani nimeokoka. Nilikuwa nangoja tu.

Sasa tufike kwenye simu yake ya mwezi uliopita. Alinipigia mimi, hakumpigia mdogo wake. Sauti imechoka. Akaniambia naye amegundulika ana sukari, ana muda nayo sasa, alikuwa anaficha. Watoto wake wako Dar, hawaji. Amesikia umepata chuo Korogwe, anaomba ukae naye, umsaidiesaidie. Nikamuuliza, wifi, vidonge unakunywa? Akasema vinamsumbua tumbo, anavirukaruka. Nikamuuliza, na chai? Akasema chai yake haachi, anakunywa kutwa, ila siku hizi anaweka asali, kwa sababu asali si sukari.

Hadija, nilikuwa nimeegemea ukuta wa jikoni, nikafumba macho. Ilikuwa mdomoni mwangu. Asali ni sukari, wifi, rudi kliniki uwaambie vidonge vinakusumbua, watakuelekeza namna ya kuvinywa au watakubadilishia. Maneno machache tu. Nikayameza. Nikamwambia pole sana wifi, asali ni nzuri. Na nikafurahi. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Nikasema moyoni, nenda, nenda hivyo hivyo, kanyaga na wewe kisiki chako.

Na hapo ndipo nilipokubali uende. Sikukubali kwa sababu ya umeme. Nilikubali kwa sababu nilitaka pawe na mtu wa kwetu mle ndani wa kuikoroga ile asali. Ndiyo maana kwa siku zote hizi nimekuwa nikikwambia ukifika kule mtii shangazi yako, akitaka chai mpikie anavyotaka, usibishane na mkubwa. Uliniona mama mwenye adabu. Nilikuwa nakufundisha kumwacha afe. Nilitaka unyamaze kama mimi nilivyonyamaza, yeye apate alichompa ndugu yake, na hakuna mtu hata mmoja ambaye angenyoosha kidole, kwa sababu majani ni yake na asali ni ya jikoni kwake.

Nilikuwa nimetulia na mpango huo. Nilikuwa nalala vizuri. Leo asubuhi nikiwa napanga nguo zako, baba yako akasogea akakaa kwenye kiti kando ya begi. Akaniuliza kama Hadija akikaa kule, itakuwa rahisi zaidi dada kuja naye likizo. Nikamwambia labda. Akasema anataka aje kabla hajazeeka sana, kuna jambo anataka kumuuliza. Nikamuuliza jambo gani. Akasema hilo ni la mimi na dada.

Akaenda zake na magongo yake, na mimi nikabaki nimeshika nguo zako, nikaona jinsi nilivyokuwa mjinga. Zubeda akifa, ananitoroka. Unaelewa? Akikatwa mguu naye, atakuwa mgonjwa mwenzake, watalia pamoja, na wote watanijia mimi wakiniambia msamehe, huoni alivyo, naye amelipa. Akifa watamzika vizuri, wataeleza alivyomlea mdogo wake mgongoni, na itakuwa kweli, na baba yako atabaki na swali lake mkononi hana wa kumpa. Yaani nimengoja miaka yote hii nimpe mlango wa kutokea. Hapana. Hatoki. Simwachii.

Kwa hiyo yote niliyokwambia kuhusu utii, yafute. Sikiliza sasa.

Ukifika, asali itoe. Mpe majirani, mwage, sijali, akigomba mwambie mama amesema. Chai yake ya kijani usimnyang'anye, haina kosa na anaipenda. Mpikie inavyotakiwa, maji yaliyotulia, majani kidogo, itoe mapema, na uimimine tupu kwenye kikombe. Atakunja uso. Mwache akunje. Vidonge akinywa mwangalie mpaka ameze, na kesho kutwa mpeleke kliniki mwenyewe, umkalishe mbele ya daktari, useme anaviruka kwa sababu vinamsumbua tumbo, maana yeye hatasema. Na miguu, Hadija. Kila jioni weka beseni, mwoshe miguu, mfute katikati ya vidole, tazama kwa taa kama kuna mchubuko. Atasema haiumi. Usimwamini, tazama kwa macho yako. Hata kama umechoka, hata kama una mtihani. Atakuuliza nani kakufundisha, na wewe mwambie ni mama. Nataka kila jioni ayatazame maji yale akikumbuka kuna mtu ambaye miguu yake hakuna aliyeitazama.

Usimtukane. Usimwambie niliyokuandikia. Mpende ukiweza, kwako wewe ni shangazi yako, na mwenye kumbeba mdogo wake mgongoni si mtu wa bure, hilo nalijua hata nikiwa na hasira hivi. Mimi siwezi kumpenda na sijaribu. Lakini nitamnenepesha. Nitampa wewe, kitu kizuri kuliko vyote nilivyo navyo, umtunze awe na afya, asipate kisingizio cha mgongo, asipate kisingizio cha mvua.

Na likizo ikifika uje naye. Mshushe barabarani, msipande pikipiki. Aje kwa miguu yake yote miwili kutoka barabarani mpaka kwenye ua, baba yako amwone anavyotembea. Mwekee kiti mbele yake, karibu, kisha wewe na mimi tutaingia ndani, tutafunga mlango. Sitaki aniombe radhi. Radhi yake sina pa kuiweka. Nataka mdogo wake amuulize anachotaka kumuuliza, na yeye amjibu, amwambie yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, sukari ilikuwa ya nani.

Mpaka siku hiyo, mwanangu, usimwache afe.

Mimi mama yako,
niliyekuzaa na kukuita Hadija